Mtoto Kiziwi na Kitabu Chake

Nawasalimu ninyi mlio hapa Katubuka mjini Kigoma, na mlio Gungu na Buzebazeba, na wazee wetu wa Ujiji. Na kwa kuwa mawimbi ya redio hayasimami mpakani, nawasalimu pia jamaa walioko Uvira na Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mazungumzo ya leo yanawahusu watoto ambao hawatayasikia, na kwa sababu hiyo hasa nimeona redio kuwa ndipo mahali pake, maana maneno niliyo nayo hayawaelekei wao, bali yanawaelekea baba zao na mama zao, bibi zao na majirani zao, watu wenye masikio timamu. Kwani katika kila watoto kumi wazaliwao viziwi, tisa au zaidi huzaliwa na wazazi wanaosikia, nao wazazi hao aghalabu hawajapata kuonana na kiziwi hata mmoja mpaka siku ile wanapomgundua ndani ya nyumba yao wenyewe.

Apitaye asubuhi kando ya darasa la kwanza katika shule yoyote ya manispaa yetu hana haja ya kuuliza kinachofundishwa humo, kwani sauti za watoto humfikia kabla hajafika dirishani: ba, be, bi, bo, bu, cha, che, chi, cho, chu. Njia hii ni ya zamani na ni njema, na wema wake unatokana na tabia ya Kiswahili chenyewe, lugha ambayo herufi zake hufuata matamshi kwa uaminifu ambao Mwingereza na Mfaransa hawaujui katika maandishi yao. Mtoto wa miaka sita au saba, ijapokuwa nyumbani kwao husemwa Kiha au Kibembe, huingia darasani na hazina ya maneno aliyoyapata bila ada sokoni, uani na mchezoni, na kazi ya mwalimu ni kumfahamisha kwamba sauti alizo nazo kinywani zina sura zake karatasini. Akisha kulitambua hilo, sehemu kubwa ya safari ameimaliza. Mtaala uliotolewa mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili ulikusanya juhudi zote katika kusoma, kuandika na kuhesabu, na ulifanya hivyo kwa kutumaini kwamba sikio la mtoto limekwisha kutimiza wajibu wake kabla kengele ya shule haijalia.

Sasa mweke katika darasa hilo mtoto asiyesikia tangu kuzaliwa kwake. Kwake yeye "ba" na "bu" ni michoro miwili iliyotofautiana kidogo, na kile kinachochorwa hakipo. Aweza kuinakili ubaoni kwa mwandiko mzuri kupita wenzake, hata mgeni akisimama mlangoni akasema huyu anajua kuandika, kumbe hajaandika kitu, amechora tu. Na msiba mkubwa zaidi haumo katika herufi. Umo katika miaka sita iliyotangulia, ambayo mwenziwe aliipitisha akisikia hadithi, maonyo, maagizo na ugomvi wa watu wazima, ilhali yeye aliipitisha akiashiriwa mambo machache ya lazima: njoo, kula, lala, acha. Mtoto huyo hakukosa akili, wala hakukosa mapenzi ya wazazi wake. Alikosa lugha, na mtu asiye na lugha yoyote iliyokamilika hawezi kufundishwa kusoma, kwa kuwa kusoma ni kuitambua karatasini lugha ambayo tayari imo akilini.

Hapa yafaa tuwatenge watoto wa namna mbili, ambao watu wengi huwachanganya. Yuko aliyezaliwa hasikii, na yuko aliyesikia vema mpaka mwaka wa nne au wa tano, kisha akapatwa na homa ya uti wa mgongo, au surua, au malaria kali iliyotibiwa kwa kwinini nyingi, masikio yake yakaziba. Huyu wa pili ameingia katika ukiziwi na Kiswahili chake mkononi, na maandishi yaweza kumrudishia mengi; yule wa kwanza hana cha kurudishiwa, lazima apewe upya, naye atakipokea kwa macho. Mwalimu asiyejua tofauti hiyo humsifu mmoja kwa bidii na kumlaumu mwingine kwa uvivu, akawadhulumu wote wawili.

Nchi yetu ilianza kuwashughulikia watoto hawa mwaka 1963, shule ya kwanza ya viziwi ilipofunguliwa Tabora chini ya Kanisa Katoliki, na mwaka 1974 ikafuata ya Buguruni, Dar es Salaam. Kwa mzazi wa Kigoma, Tabora maana yake ilikuwa reli, kilomita 400 hivi, na mtoto wa miaka saba akaaye bwenini muhula mzima bila kuweza kuandikiana barua na mama yake. Tena mafunzo ya zama zile yalishikamana na kanuni iliyotoka mbali sana: katika mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880, wasikiao waliamua karibu kwa kauli moja kwamba kiziwi afundishwe kwa kusema na kutazama midomo, na kwamba mikono yake ikatazwe. Kanuni hiyo ilitawala ulimwengu kwa karne nzima. Watoto wakafunzwa kutoa sauti wasizozisikia, na kusoma midomo ambayo haionyeshi tofauti ya "pa" na "ba" wala ya "ma", na miaka ikapita katika kazi hiyo ilhali akili ikingojea chakula chake. Walakini bwenini, baada ya taa kuzimwa na kabla walimu hawajaamka, watoto waliendelea kusema kwa mikono, na humo zikakua alama za Tabora na alama za Buguruni, kila shule na zake. Ilipofika mwaka 2010, mkutano wa kimataifa wa walimu wa viziwi ulipokutana Vancouver, ulitangaza majuto yake juu ya azimio la Milan, miaka 130 baadaye.

Kwamba alama hizo ni lugha kamili, yenye sarufi yake, ilikwisha kubainishwa na William Stokoe huko Marekani tangu mwaka 1960. Hapa kwetu Chama cha Viziwi Tanzania, ambacho wengi wanakijua kwa jina la CHAVITA, kimeipigania Lugha ya Alama ya Tanzania tangu miaka ya 1980, na mwaka 2004 Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akatoa kamusi yake. Majirani zetu wametutangulia katika sheria: Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inataja kukuzwa kwa lugha ya alama, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya kuwa mojawapo ya lugha za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Ninayataja haya kwa kuwa hicho kifaa kipya nitakachokieleza sasa hakina faida yoyote kwa mtu ambaye bado anaidhania mikono ya kiziwi kuwa ni ishara za kubahatisha.

Kifaa chenyewe ni simu au kishikwambi, na ilimu yake huitwa uhalisia ulioongezwa. Kamera huutazama ukurasa wa kweli, wa karatasi, uliowekwa juu ya meza; programu huitambua picha iliyomo kwa kulinganisha pembe na mistari yake na picha zilizohifadhiwa; kisha juu ya kioo, mahali pale pale ulipo ukurasa, huongezwa kitu ambacho karatasini hakipo. Kitu hicho chaweza kuwa samaki anayeogelea, na chaweza kuwa mtu anayesema kwa mikono. Wazo si geni. Ivan Sutherland aliwavisha watu chombo cha namna hiyo kichwani mwaka 1968, kizito hata kikaning'inizwa darini. Na mwaka 2001 Mark Billinghurst na wenzake walikwisha kutengeneza kitabu ambacho msomaji, akikitazama kwa kioo chake maalumu, aliona picha zikiinuka juu ya kurasa. Mintarafu watoto viziwi, jaribio lililovuma zaidi ni lile la kampuni ya Huawei, iliyotoa mwezi Desemba mwaka 2018, kwa kushirikiana na Umoja wa Viziwi wa Ulaya, programu iitwayo StorySign: mzazi anaweka simu juu ya kitabu cha hadithi, na msichana wa kuchorwa, jina lake Star, anayatamka maneno ya ukurasa ule kwa lugha ya alama. Ilianza na lugha za alama 10 za Ulaya. Jirani yetu zaidi, kijana wa Kenya, Elly Savatia, alishinda mwaka 2025 tuzo ya uhandisi ya Afrika itolewayo na chuo cha wahandisi cha Uingereza, kwa programu yake Terp 360, inayogeuza maneno yaliyosemwa au kuandikwa yakawa alama zinazoonyeshwa na umbo la mtu kiooni.

Nini basi anachokipata mtoto katika jambo hili asichokipata kwa mwalimu na kitabu cha kawaida? Jibu limo machoni mwake. Mtoto asikiaye hutazama kitabu huku akimsikiliza mwalimu, njia mbili zikifanya kazi kwa wakati mmoja. Kiziwi ana njia moja tu, na mwalimu akiinua mikono kueleza neno, mtoto hana budi kuyaondoa macho kitabuni, na akirudi kitabuni neno limekwisha kumpotea kati ya mengine. Siku nzima yake ni kwenda na kurudi baina ya ukurasa na mikono. Walimu hodari wa viziwi wana hila yao ya kulitibu hilo: hutoa alama, wakalitaja neno herufi kwa herufi kwa vidole, wakaligusa kitabuni, wakarudia alama, wakayaunganisha yote mpaka yakawa kitu kimoja. Kifaa hiki kinaufanya muungano huo ndani ya kioo kimoja, mkono na neno vikikaa mahali pamoja kwa wakati mmoja, na mtoto akitaka kurudia mara ishirini, hakuna mtu anayechoka.

Na katika Kiswahili faida hiyo huzidi, kwa ajili ya vitenzi vyetu. Tazama maneno haya: alinipa, nilimpa, hatukuwapa, nitakupa. Sikio huikamata "pa" mwishoni na kujua kwamba ni kutoa kule kule. Jicho lisilo na sikio huona maneno manne yenye nyuso mbalimbali, na aliyeyakariri moja moja hatayamaliza maisha yake yote. Lakini katika lugha ya alama mkono wa kutoa huanza kwa mtoaji ukaishia kwa mpokeaji, na mwendo wake unasema nani kampa nani. Mambo yale yale ambayo Kiswahili kimeyapakia katika silabi za mwanzo wa neno, lugha ya alama imeyapakia katika njia ya mkono. Laiti ukurasa ungeweza kulikata neno "alinipa" vipande, "a" kwa rangi yake, "li" kwa rangi yake, "ni" kwa rangi yake, na kila kipande kikamulikwa wakati mkono unapopita mahali pake kiooni, mtoto angeiona sarufi ambayo sisi wasikiao tuliinyonya bila kujua. Kazi hiyo haiwezi kuletwa kutoka Ulaya. Mtu aliyetengeneza kitabu cha Kiingereza hakuwa na sababu ya kuifikiria, na ni sisi tu wenye lugha hii tuwezao kuifanya.

Juu ya matumizi yenyewe, nina mawili ya kuwaonya wenye shauku. Kiziwi husema kwa mikono yake. Ukimpa simu aishike, umeufunga mkono mmoja. Kwa hiyo jambo la kwanza la kununua ni ubao na misumari: seremala yeyote wa Katubuka aweza kutengeneza kitako cha kukisimamisha kishikwambi juu ya meza, kikitazama chini, watoto watatu wanne wakakizunguka, mikono yao ikiwa huru kusema wao kwa wao juu ya wanachokiona. La pili, picha za kadi ambazo kamera itazitazama badala ya ukurasa wa kitabu ziwe na mistari mingi na rangi zilizoachana, maana kamera hupotea mbele ya picha iliyofifia, na darasa lenye dirisha dogo haliipi mwanga wa kutosha. Vifaa vyenyewe haviko mbali: vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 vilikabidhiwa kwa walimu baada ya kazi ile, navyo vina kamera, tena programu ya aina hii, picha na video zake zikisha kuhifadhiwa ndani, haihitaji intaneti hata kidogo.

Kadi za hapa ziwe za hapa. Mgebuka, dagaa, mtumbwi, mchikichi, mawese, ungo, jembe, meli, treni: mtoto wa pwani ya ziwa hili ameyaona yote hayo kabla hajaona tufaha la kitabuni. Na kwa kuandika, njia iliyo rahisi ni vibao vya herufi kubwa ambavyo mtoto huvipanga mwenyewe. Akipanga s, a, m, a, k, i, kamera ikazisoma, alama ya samaki hutokea kiooni, na akikosea, kioo hunyamaza naye hutafuta kosa lake bila mtu kumkemea. Kisha siku moja mambo yageuzwe: mtoto aseme hadithi yake kwa mikono, arekodiwe, mwalimu akae naye waiandike kwa Kiswahili sentensi baada ya sentensi, na kadi yenye picha aliyoichora yeye iwe mlango wa video yake. Mwenziwe akiiweka mezani atamwona mwandishi wa kitabu hicho akisema, naye ni mtoto wa darasa lile lile.

Nimesikia watu wakidhani kwamba kifaa kikishapatikana mwalimu anayejua lugha ya alama hatahitajika tena, na fikira hii naipinga kwa nguvu zangu zote. Video haimjibu mtoto. Haioni kwamba amekunja uso, haijui kwamba jana aliona meli na leo anataka kuuliza juu yake, na lugha haikui katika mtu ila kwa kujibiwa. Shule itakayonunua vishikwambi ilhali hakuna mwalimu wake aliyepelekwa Patandi au chuo kingine cha elimu maalumu itakuwa imetumia fedha na kumwacha mtoto palepale. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imempa mtoto huyu haki ya kusoma pamoja na wengine; kukaa darasani bila kuelewa neno hata moja si kusoma pamoja na mtu yeyote.

Lakini yuko mwanafunzi mwingine ambaye kwake kifaa hiki chaweza kufanya mengi kupita hata shuleni, na mwanafunzi huyo ni wewe mama, na wewe baba, unayenisikiliza. Wewe wajua kusoma, ila hujui alama. Mwanao, Mungu akipenda, atazijua alama, ila hajui kusoma. Kadi moja mezani, jioni baada ya kula, inawafundisha wote wawili kwa mara moja, kila mmoja akiingilia mlango wake, na ndugu zake wadogo wakitazama watashika upesi kuliko ninyi nyote. Wala msingoje miaka saba. Miaka ya mwanzo ndiyo ambayo akili ya mtoto huipokea lugha kwa wepesi, iwe ya sauti au ya mikono, na kila mwaka unaopita mtupu haulipiki kwa urahisi baadaye. Mtoto asiyegeuka akiitwa, au asiyeshtuka kwa kishindo, apelekwe Hospitali ya Maweni masikio yake yatazamwe akiwa angali mchanga. Na wako wanaosema kumfundisha alama kutamzuia asijifunze Kiswahili, nao wamekosea, kwa sababu mtoto mwenye lugha moja iliyo timamu ana mahali pa kuisimamisha ya pili.

Limebaki suala la nani ataonekana katika kioo hicho. Mwezi Machi mwaka 2018 Shirikisho la Viziwi Duniani, pamoja na chama cha wakalimani wa lugha za alama, lilitoa tahadhari juu ya maumbo ya kuchorwa, kwa sababu lugha ya alama haimo mikononi peke yake. Imo katika nyusi, mashavu, mabega na mtazamo, na umbo lililoundwa na mashine mara nyingi hukosa hayo, hata swali likageuka kuwa taarifa. Kwa mtoto ambaye ndiyo kwanza aipate lugha, kasoro hiyo si ndogo, maana ataiiga. Huko Nairobi watu wa eKitabu wamefuata njia nyingine, wakirekodi hadithi za watoto kwa Lugha ya Alama ya Kenya zikisemwa na watu halisi, na mimi naiona njia hiyo kuwa ndiyo inayotufaa, tena ni rahisi zaidi kwa mfuko wetu, kwani inahitaji kamera, ukuta wenye rangi moja na mtu anayeijua lugha yake.

Na watu hao tunao. Wako viziwi watu wazima katika mji huu, mafundi cherehani, wachuuzi, wabebaji wa mizigo bandarini, wengine waliosoma Tabora na kurudi na alama za huko, wengine waliokuja kutoka Kongo na Burundi na alama ambazo zina asili ya Kimarekani, zilizoenezwa na Andrew Foster, mchungaji kiziwi aliyefungua shule za viziwi katika nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1957 mpaka alipofariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Alama zao hazilingani zote. Neno moja laweza kuwa na alama mbili au tatu hapa hapa Kigoma, na uamuzi wa ipi iingie katika kadi, au ziingie zote, usifanywe na fundi wa programu wala na afisa wa elimu ofisini mwake. Wakutanishwe wao kwa wao, mkalimani awepo kwa ajili yetu sisi tusioelewa, wajadiliane mpaka waafikiane. Kisha warekodiwe, majina yao yaandikwe katika kazi hiyo kama yaandikwavyo ya watunzi wa vitabu vingine, na wakitoka hapo walipwe ujira wa mwalimu.